Fundi wa Kona: Jivu la boila, maganda ya mpunga na bloku zilizokataa kushika

Mwezi huu barua zenu zimekuja na harufu ya molasi. Sijui nani alianza kuambia watu kwamba taka za viwanda zinajenga nyumba, lakini ameskika kutoka Muhoroni mpaka Nakuru, na vile bei ya simiti iko saa hii siwezi kumlaumu mtu anayejaribu. Ni kweli taka zingine zinajenga. Zingine zinabomoa na zingine zinaua pole pole, na shida ni kwamba zikiwa kwa rundo zote zinafanana tu. Nimechukua barua saba, kama yako haiko soma ya jirani.

SWALI (mama wa bloku, Muhoroni): Habari yako fundi. Niko na mashine ya mkono ya kupiga bloku, nafanyia kazi kando ya barabara. Huku makapi ya miwa ni ya bure, ukiwa na mkokoteni unajichotea tu, na mchanga wa mto umepanda, kwa hivyo nikafikiria kila karai tatu za mchanga nitoe moja niweke makapi. Nikapiga bloku 380, simiti yote niliyokuwa nayo ikaishia hapo. Leo ni siku ya tano, ukishika kona inamomonyoka kama sukari guru iliyonyeshewa. Mwenye hadiwea anasema simiti yake ni sawa, kijana wangu anasema ni feki. Nani anasema ukweli?

JIBU: Mama, mwenye hadiwea anasema ukweli, na pole sana kwa hasara. Bloku zako zimekunywa chai ya sukari. Makapi yakitoka kwa kinu bado yana utamu ndani, kinu hakimalizi wote, ndio maana unaona nyuki wanazunguka lile rundo, na sukari ni adui wa simiti kuliko hata matope. Inajipaka juu ya chembe za simiti, maji yakija hayapati mahali pa kufanyia kazi, mchanganyiko unabaki hapo umelala. Na haihitaji kuwa mingi. Gramu 25 za sukari kwa mfuko wa kilo 50, yani vijiko vitano au sita vya chai, zinachelewesha simiti kushika kwa karibu masaa manne. Ukifika gramu 100 kwenda juu, inaweza kukataa kushika kabisa. Sasa wewe hesabu karai zako.

Mimi hii kitu naijua kwa uchungu. Miaka mingi imepita, nilikuwa msimamizi wa saiti moja hapa Kisumu, mkandarasi akanunua mapipa ya kuwekea maji, mapipa ya mitumba, tukayasuuza na hosi mara moja tukajaza. Tukamwaga linta, ile boriti ya konkriti ya juu ya milango na madirisha, siku ya Ijumaa. Jumamosi asubuhi nikapanda ngazi nikaweka kidole gumba juu ya linta, kikaingia. Jumapili badala ya kanisa nikapanda tena, kikaingia tena, safari hii nikakinusa. Molasi. Kumbe chini ya yale mapipa kulikuwa na tope jeusi limegandamana na kila siku lilikuwa linayeyuka kidogo kidogo kwa maji yetu ya konkriti, na sisi tunachota tu tunaimba. Tulibomoa linta kumi na moja. Mshahara wa mwezi huo sikuuona vizuri.

Kwa hivyo ufanye nini. Kwanza usivunje bado. Simiti iliyocheleweshwa na sukari wakati mwingine huamka kama haijakaukiwa na maji, kwa hivyo zifunike na karatasi ya nailoni, mwagilia asubuhi na jioni wiki mbili, alafu chukua msumari ukwaruze. Ukiacha alama nyepesi tu na bloku mbili zikigonganishwa zinalia kama chungu, umeokoka, hizo zitafaa ukuta wa kuku ama edge ya maua, nyumba ya mtu hapana. Msumari ukiingia kama kwa mkate, jaza nazo shimo za barabara ya kwenda kwako na usahau.

Makapi yenyewe yana kazi, si ati hayana. Watu wanaoyaweka kwa simiti huyaloweka na kuyaosha maji tofauti tofauti mpaka maji yatoke safi, wengine wanayachemsha, wengine wanatia chokaa, na hata hivyo wanatengeneza vitu visivyobeba uzito. Wa Elburgon na Molo mnaotaka kujaribu unga wa mbao hii inawahusu pia juu mbao nayo iko na sukari yake. Huko Louisiana, Marekani, kampuni ya Celotex ilianza kutengeneza bodi za makapi ya miwa miaka ya 1920, bodi za dari na ukuta wa ndani, lakini huko yanapondwa na kushindiliwa na mashine, si karai na koleo. Kwako wewe, rahisi zaidi ni kuuzia wachoma matofali. Mtu wa matofali ya udongo akichanganya makapi makavu kidogo kwa udongo, yale makapi yanaungua ndani ya tofali lenyewe wakati wa kuchoma, kuni zinapungua na tofali linakuwa jepesi. Hapo sukari haina neno kwa sababu hakuna simiti. Asizidishe tu, kila kipande kinachoungua kinaacha tundu, na tofali la matundu linakunywa maji ya mvua kama sponji.

SWALI (kijana wa Mamboleo, Kisumu): Fundi, mimi sitaki makapi, nataka jivu lake. Kuna mtu anaweza kunipatia lori nzima ya jivu la boila la kiwanda cha sukari, nilipe mafuta ya gari tu. Nimeona video za Wahindi wanapiga matofali na jivu, nusu jivu na nusu vitu zingine, na matofali yanatoka safi kama sabuni. Naweza kuweka jivu kiasi gani nipunguze simiti?

JIBU: Kijana, hapa tukae kidogo kwa sababu wewe ndio uko karibu na pesa, na pia uko karibu na kuharibu.

Zile video kwanza. Wahindi wanatumia jivu la makaa ya mawe kutoka kwa vituo vya umeme, wako nayo milima na milima, na ni laini kama poda ya mtoto vile linatoka tu. Sisi Kenya hatuna hata kituo kimoja cha umeme wa makaa ya mawe, kile cha Lamu leseni yake ya mazingira ilifutwa na mahakama ya mazingira 2019. Kwa hivyo ile risipi si yetu, ukiifuata na jivu la miwa utalia. Jivu la miwa ni kitu kingine lakini ni ndugu, yote yana silika, yale madini yaliyo ndani ya mchanga.

Silika inafanya nini? Simiti ikikutana na maji inatoa gundi, na pembeni inaacha chokaa ambayo haina kazi. Silika ya jivu inakuja inakula ile chokaa taratibu na kuigeuza gundi ingine. Taratibu, umeskia. Ndio maana bloku ya jivu siku ya saba ni dhaifu kuliko bloku ya kawaida na ukimpelekea mteja wakati huo atakurudishia, lakini ukiimwagilia vizuri mpaka siku ya 28, na hata miezi miwili mitatu, inapata na mara nyingine inapita. Mafundi wetu wengi humwagilia siku tatu wakachoka. Kama wewe ni mtu wa siku tatu, achana na jivu kabisa.

Sasa angalia lile rundo lako. Jivu la boila hutoka rangi tofauti kwa sababu moto haukuwa sawa. Nyeusi maana yake ni mkaa, makapi hayakuungua yakaisha, na mkaa hauna gundi, unakunywa maji tu. Unalotaka ni la kijivu, la kuelekea weupe. Jaribu hivi: kausha jivu juani, pima gramu 100 na mizani ya duka, weka kwa kifuniko cha chuma juu ya jiko la makaa mpaka kiwe chekundu, acha saa nzima na zaidi ukikoroga, likipoa pima tena. Likipungua zaidi ya gramu 10 bado kuna mkaa mwingi, lichomwe tena ama uliache. Alafu chukua kidogo usugue kati ya kidole gumba na cha shahada. Ukiskia chenga chenga hiyo kwako ni mchanga tu, haitafanya kazi ya simiti hata uombe. Lazima lisagwe mpaka liteleze kama unga wa ngano wa chapati, na tafadhali usilipeleke kwa posho mili ya mtaa, watu watakula silika na mahindi yao. Angalia pia kama kule kiwandani rundo limechanganywa na yale matope ya kuchuja juisi ya miwa, juu hayo ni mbolea nzuri sana kwa shamba na sumu kwa bloku.

Jaribio la mwisho kabla hujaita lori: sehemu mbili za jivu lililosagwa, sehemu moja ya chokaa ya hadiwea, maji ya kufanya uji mzito, weka kwa mkebe, funga na nailoni, wiki mbili. Toa, tumbukiza kwa ndoo ya maji. Likiyeyuka, hilo jivu ni mvivu. Likibaki limekaza, liko hai, piga simu.

Kiasi: anza na 10 kwa 100, usipite 20. Mfuko wa kilo 50 unatoa kilo 5 za simiti unaweka kilo 5 za jivu. Kilo nimesema, si karai! Jivu ni jepesi, karai ya jivu na karai ya simiti hazikaribiani uzito, na hapa ndio nimeona vijana wengi wanaharibu, anapima karai kwa karai anashangaa. Na uvae maski ya maana wakati wa kusaga na kuchanganya, si kitambaa, vumbi la silika likikaa kwa mapafu halitoki.

SWALI (mwalimu anayejenga, Kiamunyi, Nakuru): Naomba kuuliza mambo mawili. Mifuko ya simiti hapa imeandikwa CEM IV/B 32.5 na mingine 42.5, na hadiwea wananiambia 42.5 ni ya maghorofa nisijisumbue. Pili, kwari wanauza dasti ya mawe kwa bei ya chini kuliko mchanga. Fundi wangu hataki kuiskia.

JIBU: Mwalimu, swali lako la kwanza ndilo lilipaswa kuulizwa na yule kijana wa Mamboleo kabla ya kutafuta lori, kwa hivyo na yeye asome hapa.

32.5 na 42.5 ni nguvu, ni megapaskali ambazo kipande cha majaribio cha ile simiti lazima kifikishe siku ya 28. Lakini ile CEM IV/B ndio habari yenyewe. Maana yake ndani ya mfuko tayari kuna pozolana, kati ya sehemu 36 na 55 kwa kila 100, na pozolana ya Kenya ni mawe ya volkano yaliyosagwa, wewe mwenyewe hapo chini ya Menengai umejenga juu ya ndugu zake. Kazi yake ni ile ile ya jivu la miwa, kula chokaa. Jina lenyewe limetoka Pozzuoli, mji wa Italia ambako Warumi walichimba jivu la volkano wakachanganya na chokaa, na baadhi ya majengo yao ya wakati huo bado yanaingia watalii.

Sasa ona hesabu. Tuseme mfuko una pozolana 40 na klinka 60, klinka ndio ile simiti mama iliyochomwa. Kijana akitoa moja ya tano aweke jivu lake, klinka inabaki 48, chini ya nusu, na yeye anadhani ameweka jivu asilimia 20 tu. Bloku inakuwa dhaifu analaumu jivu. Kwa hivyo anayetaka kuongeza jivu atafute simiti iliyoandikwa CEM I 42.5, hiyo karibu yote ni klinka, ni ghali kidogo lakini ndio inabeba. Na wewe ambaye huongezi kitu, 32.5 inatosha mota ya kujengea na plasta bila wasiwasi. Slabu na nguzo za kubeba gorofa fuata injinia wako, usifuate hadiwea wala mimi.

Na watu wasidhani kuweka volkano kwa mfuko ni wizi. Klinka inachomwa kwa joto la karibu digrii 1450, na lile jiwe la chokaa likiungua linatoa hewa ya kaboni yake mbali na ile ya moto, mpaka viwanda vya simiti duniani vinahesabiwa karibu asilimia 7 au 8 ya hewa yote hiyo. Kila sehemu ya klinka inayotolewa ikaingia jivu au jiwe la volkano ni moto ambao haukuwashwa. Wizi ni mfuko wa kilo 50 ukiwa na 46, hiyo beba mizani.

Dasti: fundi wako ana sababu nusu. Dasti ya kwari inaingia vizuri kwa bloku na hata konkriti badala ya sehemu ya mchanga, chembe zake zina kona, zinashikana. Shida ni ule unga mwembamba ndani yake, ukiwa mwingi mchanganyiko unadai maji, fundi anaongeza maji, na maji mengi ndio yanaua konkriti. Chukua chupa ya jemu, jaza dasti nusu, ongeza maji mpaka karibu juu na chumvi kidogo, tikisa, acha mpaka kesho. Juu utaona mstari wa tope laini. Ukiwa mwembamba kama kadi mbili tatu za simu endelea, ukiwa upana wa kidole, ipigwe chekeche ama ioshwe kwanza. Mimi ningeanza na nusu dasti nusu mchanga. Kwa plasta ya nje niachie mchanga wangu tafadhali, hapo nakubaliana na fundi wako.

SWALI (mfanyakazi wa kinu cha mpunga, Ahero): Nyuma ya kinu tuko na mlima wa maganda ya mpunga, tunayachoma hapo hapo na majirani wanalalamika moshi. Niliskia jivu lake ni dhahabu kwa simiti. Ni kweli ama ni hadithi?

JIBU: Ni kweli, lakini dhahabu hiyo wewe unaichoma vibaya.

Maganda ya mpunga yana silika kuliko karibu mmea wowote unaolimwa huku, ndio maana ng'ombe hayapendi na ndio maana hayaozi. Tani moja ya mpunga inatoa kama kilo 200 za maganda, na kilo 200 za maganda zikiungua zinatoa kama kilo 40 za jivu. Jivu hilo likichomwa vizuri, sehemu 85 hadi 95 kwa 100 ni silika, hata la miwa haliguzi hapo.

Sasa neno ni kuchomwa vizuri. Silika ya maganda inataka moto usiopita digrii 700 hivi. Chini sana, inabaki nyeusi na mkaa. Juu sana, silika inajipanga upya inakuwa fuwele ngumu ambazo zimelala na hazitakula chokaa yoyote, tena ni hizo ndizo mbaya zaidi kwa mapafu. Na rundo lako unaliwasha juu linaonekana linafuka tu polepole, lakini pitisha fimbo katikati uone ndani kulivyo, moyo wa rundo ni rangi ya chungwa inayong'aa na pembeni ni jeusi. Kwa rundo moja umepata jivu la aina tatu umezichanganya na koleo.

Wanaofanya kwa mkono wanatumia pipa la matundu matundu ama kikapu cha waya, tabaka si nene, hewa ipite kila upande, moto ukae rangi nyekundu iliyokoza kama kaa la usiku, isiwe chungwa. Wanaacha lipoe lenyewe. Jivu zuri linatoka kijivu cheupe. Likianza kuwa na wekundu wekundu wa waridi, moto ulipita. Alafu kusaga, ile hadithi ya unga wa ngano, na majaribio ya mkebe na chokaa niliyoandika juu.

Kiasi ni kile kile, 10 mpaka 20 kwa uzito, ila jivu la mpunga linakunywa maji vibaya sana, chembe zake zina vitundu ndani, utaona mchanganyiko umekauka mkononi na utatamani kuongeza maji. Usiongeze, punguza jivu.

Na biashara? Nikwambie ukweli, kilo 40 kwa tani ya mpunga si lori, ukiwa peke yako na kinu kimoja utakusanya wiki nzima upate magunia machache. Mngejiunga vinu kadhaa hapo Ahero na West Kano mkawa na sehemu moja ya kuchomea, hapo kuna mazungumzo. Kabla ya hapo, wachoma matofali watakuchukulia maganda yenyewe makavu, wanayamwaga juu ya tanuri kidogo kidogo badala ya magogo, na moshi utaondoka kwa jirani yako, ingawa utaenda kwa jirani wa mtu mwingine.

SWALI (msomaji, Nakuru): Mzee wangu amenunua mabati ya zamani ya asbestosi yaliyotolewa kwa nyumba fulani. Anataka kuyaponda aweke kwa floor ya nyumba ya kuku, anasema ni kama simiti tu.

JIBU: Asiponde. Hata kipande kimoja. Mwambie leo, usingoje gazeti lifike nyumbani. Yakivunjwa yanatoa nyuzi ndogo huzioni, zinakaa kwa mapafu miaka 20, 30, alafu zinaleta saratani, na si yeye tu, hata anayefua shati lake. Sheria ya taka ya 2006 inayahesabu taka hatari. Yaacheni yalipo, mazima, yalowesheni maji, yafunikeni na nailoni nzito, mpigie ofisi ya kaunti ya NEMA, ile mamlaka ya serikali ya mazingira, wakuelekeze kwa msafirishaji mwenye leseni. Pesa alizonunulia zimeenda, mzee akubali.

SWALI (baba wa watoto watatu, Kisumu): Jirani anayeyeyusha betri za magari ana mawe meusi mazito yanabaki, anatupatia bure tujazie matope ya kompaundi. Ni magumu sana na watu wameshachukua. Nichukue?

JIBU: Usichukue, na kama umeshachukua watoto wasicheze hapo mpaka yatolewe. Hayo ni masalio ya risasi, ile metali ya sumu ya ndani ya betri, si slagi ya chuma, yani yale mawe yanayobaki chuma kikiyeyushwa. Kuna slagi ya kuyeyusha madini ya chuma ambayo nchi zingine zinasaga inakuwa simiti nzuri kabisa, kwa hivyo mtu akikwambia slagi inajenga hadanganyi, anachanganya tu. Ya betri ni mambo mengine. Mvua ikinyesha inateremka na maji, kuku wanadonoa, mtoto anatia kidole mdomoni, na risasi inaenda kwa damu na akili yake. Owino Uhuru kule Mombasa waliishi kando ya kiwanda cha betri, na Julai 2020 mahakama iliwapa fidia ya shilingi bilioni 1.3, na bado walizungushwa kortini miaka mingine baada ya hapo. Watoto wakiwa wamecheza juu ya hayo mawe wapelekwe hospitali wapimwe damu, useme wazi ni risasi, ukisema tumbo watakupa dawa ya minyoo. Jirani naye aongee na NEMA kabla NEMA haijaongea naye.

SWALI (mwanafunzi, Kakamega): Tumetengeneza bloku za jivu la miwa kwa projekti, 0, 10 na 20 kwa 100. Zinaonekana ngumu. Tunathibitishaje bila pesa nyingi? Na kuna mtu ametuambia tuzirushe kutoka juu zikikosa kuvunjika ni sawa.

JIBU: Kurusha si vibaya, mimi mwenyewe huangusha bloku kutoka kiunoni kwenye ardhi ngumu, ikivunjika vipande viwili sijengi nayo. Lakini hiyo inakwambia mbaya tu, haikwambii nzuri ni nzuri kiasi gani. Pia lowesha moja usiku kucha, uipime uzito kabla na baada, uone imekunywa maji kiasi gani, hiyo watu hawafanyi na huku kwenu mvua haijui likizo.

Nguvu yenyewe inataka mashine ya kuponda. Hapo Kakamega mko na Masinde Muliro, wana uhandisi wa ujenzi, andikeni barua ya heshima kwa idara mkisema ni projekti ya wanafunzi na mtabeba sampuli wenyewe. Walio upande wa Nakuru wajaribu Egerton. Msibebe bloku moja moja. Kila mchanganyiko mtengeneze angalau vipande tisa, vitatu vipondwe siku ya 7, vitatu siku ya 28, vitatu mviweke mpaka siku ya 56, kwa sababu mkisimama siku ya 7 jivu litaonekana limeshindwa na mtaandika ripoti ya uongo bila kujua. Vipande vyote vikae kwa maji ama chini ya magunia yaliyoloa, sehemu moja, si hivi kwa jua na vile kwa kivuli. Simiti iwe ya mfuko mmoja. Maji mpime na chupa, si kwa macho.

Na kabla kipande hakijakauka, chukua msumari uandike juu yake tarehe na ile 0, 10 ama 20. Si chaki, si karatasi iliyobandikwa, zitaloa. Wiki ya tatu vyote vitakuwa kijivu na mtaanza kugombana ni kipi ni kipi.